Udongo wa Lukwele

Fukushima, Japani
14 Oktoba 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Huku baridi imeanza kuuma, ile ya asubuhi za kwetu juu, ya kumfanya mtu anywe uji akiwa amechuchumaa karibu na moto. Mimi ni mzima, nakula, nalala, masomo yanakwenda. Usimtume tena Hatibu kuniuliza kama nimekonda. Sijakonda. Nisalimie yeye na Halima na watoto wao.

Uliniambia niandike kwa sababu kwenye simu unajikuta unasema "wazima, wazima" tu mpaka maongezi yanakwisha, halafu unakumbuka uliyotaka kusema ukiwa umeshalala. Basi naandika.

Nimepata kazi ya pembeni. Yupo mama mmoja, Noriko, anatengeneza filamu ya makala kuhusu watu waliohamishwa hapa baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia. Ilikuwa mwaka 2011. Ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda, mtambo ukaharibika, na sumu ya mionzi ikabebwa na upepo mpaka milimani. Vijiji vizima vikaambiwa viondoke. Profesa wangu alimwambia Noriko kwamba ana mwanafunzi wa udongo kutoka Tanzania, naye akaniomba nifuatane nao, niwe napima udongo wa wenyeji wanaotaka kujua hali ya mashamba yao.

Jumamosi tulikwenda kwa mzee mmoja anaitwa Kanno. Ana zaidi ya miaka themanini, anaishi peke yake mlimani. Kijiji chake kilifunguliwa miaka michache iliyopita, lakini waliorudi ni wachache, na wote ni wazee. Mkewe alifia kwenye nyumba za muda walikohamishiwa. Noriko alimuuliza mbele ya kamera anakumbuka nini siku waliyoondoka. Mzee akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja. Alifagia mpaka tukazima kamera.

Nilikaa kwenye ukingo wa shamba lake la ngazi ngazi, nikatazama nyumba za jirani zilizofungwa na njia ya miguu iliyomezwa na majani. Nikakumbuka kijiji chetu, Lukwele. Sikutegemea kukumbuka namna ile.

Mama mkubwa, niandikie kidogo kuhusu Lukwele. Chochote tu.

Mwanao,
Mwanaasha


Mwembesongo, Morogoro
25 Novemba 2024

Kwako mwanangu Mwanaasha,

Marahaba. Barua yako nimeipata, ingawa ilikaa kwenye sanduku la posta la shule ya Halima mpaka ikachoka. Sisi huku wazima. Mtoto wa pili wa Hatibu alikuwa na homa, amepona. Joto ni lile lile la mjini. Nalala mlango wazi na bado najipepea. Asubuhi naweka meza hapo nje ya geti, nauza njegere na karoti zinazoletwa na Rashidi na lori lake kutoka Mgeta. Hatibu hapendi. Anasema watu watamwona kama hanilishi. Namwambia mikono yangu haijazoea kulala.

Rashidi akishusha magunia, nachukua karoti moja ambayo bado ina udongo nainusa kwanza. Watoto wananicheka.

Umesema nikuandikie Lukwele. Nianzie wapi? Nianzie kwenye ukungu. Ulikuwa unapanda kutoka bondeni saa za asubuhi, taratibu, unafika kwenye kibaraza unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Sisi na mama yako nyumba zetu zilikuwa zinatazamana, katikati korongo la kile kijito. Kwenda kwake kwa miguu ni kushuka na kupanda mpaka magoti yanalia, lakini kwa sauti ni hapo hapo tu. Nilikuwa nasimama mlangoni naita, "Sharifaaa, una chumvi?" Naye anajibu, "Ninayo, mtume mtoto." Mtoto mwenyewe wewe. Unashuka na kupanda unaimba, unarudi chumvi nusu umeilamba.

Plamu zilikuwa zinaiva mwezi kama huu. Mama yako alikuwa na mti mmoja nyuma ya nyumba, hatukuuza hata moja ya mti ule. Zilikuwa za kula watu wa ukoo, za lukolo lwetu. Na ardhi ile ilikuwa yetu wanawake, bibi alimpa mama yetu, mama akatupa sisi, na baada ya sisi ni wewe. Hata wanaume waliotuoa walijua wamekuja kwetu.

Sasa nina neno, na kwenye simu siwezi kulisema kwa sababu Hatibu anasikia. Nataka kurudi Lukwele. Ni miaka kumi na mbili tangu mlima uliposhuka na serikali ikatuambia hakuna kuishi pale tena. Hatibu hataki hata kulisikia. Lakini wewe ndiye uliyesoma udongo. Nijibu wewe: mlima umetulia au haujatulia?

Mama yako mkubwa,
Maimuna binti Abasi


Fukushima
8 Januari 2025

Mama mkubwa, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya. Theluji imeanguka siku mbili mfululizo. Nimefurahi kusikia mtoto amepona. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye treni, nikapitiliza kituo changu.

Ile ya chumvi nilikuwa nimeisahau. Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Kazi ya filamu inaendelea. Nimeona jinsi walivyosafisha mashamba huku. Walikwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba ambao mkulima anaujenga maisha yake yote, wakautia kwenye mifuko mikubwa myeusi na kuipanga mabondeni, safu kwa safu, kama viroba vya mkaa pale Mikese ila bila mwisho. Halafu wakaleta mchanga mwekundu kutoka mlima mwingine wakaumwaga juu. Mzee Kanno anasema mpunga unaota, lakini shamba halimjui.

Alinionyesha picha za zamani. Sherehe ya mavuno, watu wamevaa nguo za bluu wanacheza ngoma. Alikuwa anaweka kidole juu ya kila uso na kutaja jina, kisha mji aliko sasa. Mwisho akafika kwa mkewe, akasema jina tu.

Kuhusu swali lako, mimi niko mbali, na mlima haupimwi kwa macho ya kukumbuka. Nitatafuta ramani na vipimo nikupe jibu la uhakika. Vumilia kidogo. Kwa sasa mvua za vuli zimekuwaje? Ndizi za kwetu juu bado mnazipata sokoni, au joto limezidi?

Mwanao,
Mwanaasha


Mwembesongo
3 Machi 2025

Kwako Mwanaasha,

Marahaba. Wote wazima, namshukuru Mungu. Mvua zimeanza, juzi maji yaliingia mpaka kwenye banda la kuku.

Hukunijibu. Uliniuliza habari za ndizi.

Nilimwambia Hatibu mwenyewe, baada ya kula. Nikamwambia, "Mwanangu, kiangazi hiki nataka kupanda nikajenge kibanda Lukwele." Akaweka kijiko chini.

"Mama, pale pamefungwa."

"Watu wanalima pale. Hashimu wa ng'ambo ya bonde analima maharage."

"Analima mchana, jioni anashuka. Halali kule."

"Basi na mimi nitalala kwa niaba yake."

Akasema, "Mama, mimi nimeshaokota ndugu zangu kwenye matope mara moja. Usinipeleke mara ya pili." Akatoka nje. Halima akaanza kutoa vyombo.

Sina kinyongo naye. Ana nyumba nzuri, amenipa chumba chenye dirisha. Lakini dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mwanaasha, mimi nimezaliwa nikiona ng'ambo. Nikiamka nataka macho yaende mbali yakutane na kitu ninachokijua. Hapa yanagonga ukuta na kurudi.

Ukiwa huna jibu, sema huna. Sitauliza tena.

Maimuna


Fukushima
20 Aprili 2025

Mama mkubwa, shikamoo.

Nimekuwa na barua yako mezani wiki nzima. Natumaini banda la kuku mmelitengeneza. Msalimie Hatibu sana. Mwambie nimemkumbuka.

Kwanza nikusimulie yaliyotokea kwa mzee Kanno, halafu nitakujibu.

Alituita mwenyewe. Nyuma ya nyumba yake kuna msitu ambao hawakuusafisha, kwa sababu msitu haukwanguliki. Kila mwaka, kabla ya ajali, yeye na mkewe walikuwa wanakwenda kuchuma uyoga na mboga za porini, na mkewe alizikausha za kutosha mwaka mzima. Alitaka nipime udongo wa mahali pale pale walipokuwa wanachuma. Tulipanda naye polepole. Kamera ilikuwa nyuma yetu. Nikapima hapa, nikapima pale, nikarudia. Namba zilikuwa mbaya.

Nikaanza kumwambia kwa maneno ya kitaalamu, kwamba kuna tofauti kati ya sehemu na sehemu, kwamba utafiti unaendelea. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Binti, nitakula uyoga wa hapa kabla sijafa?"

Nikasema, "Hapana, mzee."

"Na mwanangu?"

"Labda akiwa mzee kama wewe."

Akakaa kwenye gogo. Nilifikiri nimemuua. Noriko akamwambia anaweza kuifuta sehemu hiyo kwenye filamu kama hapendi ionekane. Mzee akasema hapana, iacheni. Akasema, "Kwa miaka yote hii kila anayekuja hapa na mashine ananiambia tusubiri. Huyu ndiye wa kwanza aliyenijibu." Tukashuka, akatupikia chai, akaanza kutusimulia siku waliyoondoka. Alisimulia mpaka giza likaingia. Mkewe alikuwa amepika wali, wakauacha kwenye sufuria, kwa sababu waliambiwa ni siku mbili tatu tu.

Usiku ule niliona haya. Mgeni nimempa jibu, na wewe uliyenilea nimekupa habari za ndizi.

Kwa hiyo sikiliza, Mama mkubwa. Vipimo nilikuwa navyo tangu Januari. Nimetazama picha za mlima zilizopigwa kutoka angani, za kila mwaka. Nimemwandikia mwalimu wangu wa zamani hapo Morogoro, naye alipanda mwenyewe na vijana wake. Juu ya Lukwele, pale ulipoishia msitu, kuna ufa. Haukuwepo wakati ule. Unapanuka kila masika. Mlima haujatulia. Sijui utashuka mwaka gani, lakini utashuka, na utapita pale pale. Usijenge Lukwele. Mwambie na Hashimu asilime upande ule mvua zikizidi.

Hilo ndilo jibu la udongo.

Na kuna lingine, ambalo hatujawahi kulisema mimi na wewe tangu siku ile. Ulinitajia ukungu, plamu, joto la mjini, na kuona mbali. Yote ni kweli. Lakini najua unamfuata nani. Mama yuko kule. Hakutolewa. Mimi nilisimama pale chini barabarani Mgeta na sare za shule, wakanizuia nisipande, na kesho yake nikarudishwa bwenini kufanya mtihani. Sijapanda tangu hapo. Nimesoma udongo wa nusu ya dunia na ule mmoja sijaugusa.

Nisamehe kama nimekuumiza.

Mwanaasha


Fukushima
12 Julai 2025

Mama mkubwa, shikamoo.

Sijapata barua yako. Hatibu kwenye simu anasema wewe mzima, umetoka kidogo, umelala kidogo, upo jirani. Filamu inakaribia kwisha. Masomo yangu nayo.

Hata ukiwa na hasira, niandikie hiyo hasira.

Mwanaasha


Mwembesongo
28 Agosti 2025

Kwako mwanangu Mwanaasha,

Marahaba, na mara nyingi. Sisi wazima. Halima anatarajia mtoto mwingine. Njegere zimeshuka bei, Rashidi analalamika.

Nilikuwa na hasira, kweli. Barua yako niliiweka chini ya godoro, nikasema sitaijibu. Si kwa sababu ya ufa. Ni kwa sababu ya ile ya mwisho. Miaka kumi na mbili nimepita pembeni ya neno lile kama mtu anavyopita pembeni ya shimo, na wewe ukaja ukasimama katikati yake.

Mwezi wa sita nilimpa Hatibu barua aisome. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Basi mama, twende ukaone. Lakini tunapanda na kushuka." Nikakubali.

Tulikwenda na lori la Rashidi mpaka linapoishia, tukalala kwa Hashimu, alfajiri tukapanda. Njia imejaa magugu lakini miguu yangu iliijua. Hatibu alikuwa nyuma yangu kama anayemchunga mtoto. Tulipofika pale pa kupumzikia, ulipokuwa ukimsikia mama yako kila mara akisema "hapa ndipo roho inaporudi", nilisimama na nikakaa kidogo. Kisha tukaingia Lukwele.

Nyumba yangu ipo, mwanangu. Bati limeliwa na kutu, mlango umeanguka, ndani kumeota mgomba. Nikasimama mlangoni nikatazama ng'ambo. Ng'ambo hakuna kitu. Ni kovu moja kubwa, limeshaota majani mabichi, mazuri kuliko yote, ungedhani mtu aliyapanda. Plamu haipo. Kijito kimehama njia yake.

Sasa nikuambie siku ile, kwa sababu hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kusema.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Mimi nilishuka Mgeta na mzigo wa kwanza. Mama yako alibaki kwa sababu karoti zake zilikuwa zimeshang'olewa, na lori halichukui karoti zisizooshwa. Akaniambia, "Tangulia dada, kesho nitakukuta." Alikuwa amejifunga ile kanga yake ya njano. Nililala kwa watu kule chini. Asubuhi, watu wakiwa wanapanga magunia, tulisikia mngurumo kama lori lenye mzigo linashuka bila breki. Watu wakakimbilia kando ya barabara kulipisha. Halikupita lori. Tulipotazama juu, mlima ulikuwa umebadilika sura.

Tulichimba kwa majembe na mikono. Hatibu alikuwa kijana tu, alichimba mpaka kucha zikang'oka. Tuliwapata baadhi ya majirani. Yeye hatukumpata. Mvua ikarudi, wakatuambia tutoke kabla hatujafukiwa na sisi. Tulimswalia bila jeneza, kwenye uwanja wa shule, tukiwa tumelowa. Hayo ndiyo yaliyotokea. Hakuna jingine.

Nilikaa kwenye kizingiti changu, nikamwita. Usinicheke. Nilimwita kwa sauti ile ile ya zamani. Mlima ukarudisha jina lake, basi. Hatibu akakaa chini akalia, na mimi ndiye niliyembembeleza. Sikujua kwamba naye amelibeba. Nilidhani ananizuia tu.

Halafu akanipandisha mpaka juu, penye ufa. Mguu wangu mzima ungeingia. Nikatupa jiwe, sikusikia lilipoangukia. Nikamwambia, "Tushuke."

Kwa hiyo sijengi Lukwele. Lakini mjini nako sirudi kukaa. Hashimu ana kipande cha ardhi upande wa pili wa bonde, kwenye mwamba mgumu, mwalimu wako amekitazama akasema ni salama. Hatibu ananijengea vyumba viwili. Kibaraza kitatazama kovu lile. Hatibu aliniuliza kama nitaweza kuamka kila siku nikilitazama. Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka.

Hasira imekwisha.

Maimuna


Fukushima
22 Septemba 2025

Mama mkubwa wangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa sakafuni.  Nashukuru umenipa habari za siku ile. Sikujua kuhusu kanga ya njano.

Jumapili filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa shule ya kijiji cha mzee Kanno. Shule yenyewe haina wanafunzi, watoto hawakurudi. Lakini siku hiyo watu walikuja kutoka miji yote walikotawanyika, na wajukuu. Wengine walikuwa hawajaonana tangu walipoondoka. Wakawa wanagusana mabega, wanatajana kwa majina ya utotoni. Ilipofika sehemu ya msituni nilitazama chini. Ilipokwisha, mzee Kanno alisimama akasema maneno machache tu, kwamba mtoto wake asirudi kwa kumwonea huruma, ila aje kumtembelea, na alete watoto. Binti yake alikuwa amekaa safu ya nyuma. Walitoka pamoja.

Kesho yake nilikwenda kumuaga. Nikamwambia kuhusu Lukwele, kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama mama yangu alikuwa mkali. Nikasema hapana, ila alikuwa hapendi karoti chafu. Tukacheka wote wawili, na mimi nikalia hapo hapo.

Ninamaliza mwezi wa kumi na moja. Narudi nyumbani. Mama mkubwa, sitaki kukaa mjini nikusubiri ushuke. Nataka kupanda. Sijui kama nitaweza kufika, lakini nataka wewe ndiye unipeleke.

Mwanaasha


Mgeta
30 Oktoba 2025

Mwanangu Mwanaasha,

Marahaba. Nimehamia. Rangi bado, mlango wa jikoni bado, na baridi imenirudisha ujana. Hatibu amelala hapa siku mbili akitengeneza choo, anasema atakuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Halima amejifungua salama, msichana. Wamempa jina la mama yako.

Huku mvua zimechelewa, kwa hiyo ukija mapema njia itakuwa kavu. Vaa viatu vyenye meno, vya mjini vitakuangusha. Usije na zawadi nyingi, hakuna wa kubeba. Tutatoka alfajiri, tutapumzika kila utakapotaka kupumzika, hakuna anayetukimbiza. Tukifika mlangoni kwangu kwa zamani, kule Lukwele, utasimama na mimi, nikushike mkono, nikuonyeshe alipo mama yako. Kisha utamsalimia.

Maimuna